Maneno Mawili Ukutani

Mwanafunzi aletewapo karatasi ya Kiingereza, aghalabu hudhani ana adui watatu mbele yake: maswali ya ufahamu, maswali ya sarufi na maswali ya mtindo. Kwa ufahamu hunakili sentensi. Kwa sarufi hukariri kanuni. Kwa mtindo hutaja majina ya tamathali, kama mchungaji ahesabuye mbuzi jioni. Nataka kukuonyesha, msomaji kijana, kuwa watatu hawa ni mmoja, tena si adui.

Twaa kitabu cha George Orwell, Animal Farm, kilichotolewa Uingereza mwaka 1945. Kwa Kiswahili tunacho kwa jina la Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere iliyochapishwa Nairobi mwaka 1967. Wanyama wanamfukuza mwenye shamba, kisha wanaandikiwa amri saba ukutani. Amri ya nne inakataza mnyama kulala kitandani. Baadaye nguruwe wanahamia nyumba ya mkulima na kulala vitandani mwake. Clover, farasi jike asiyejua kusoma vema, anamwomba mbuzi Muriel amsomee amri hiyo. Kumbe mwishoni mna maneno mawili ya Kiingereza ambayo Clover hayakumbuki: kilichokatazwa sasa ni kitanda chenye shuka.

Ukiulizwa swali la ufahamu, utasema kuwa amri imebadilika. Ukiulizwa la sarufi, utasema jinsi ilivyobadilika: fungu la maneno linaloanza na kihusishi limewekwa nyuma ya jina "kitanda", likapunguza upana wake. Kitanda kisicho na shuka kimekuwa halali. Ukiulizwa la mtindo, usiandike tu, "Mwandishi ametumia kejeli," ukaweka nukta. Aliyetaja jina la chakula hajakionja. Andika hivi: "Mwandishi ametumia kejeli. Maneno yaliyoongezwa yanaonekana kuwa jambo dogo la malazi, lakini yanageuza katazo kuwa ruhusa. Msimulizi hamlaumu mtu; kwa hiyo msomaji anauona uongo ambao wanyama hawauoni." Jibu hilo limetaja tamathali, limeonyesha mahali ilipo, na limeeleza kazi yake. Tena limetoka katika sarufi, na sarufi imetoka katika ufahamu.

Ubora wa kitabu hiki ni kwamba mwandishi hakutosheka na mfano mmoja. Amri ya tano, iliyokataza ulevi, nayo yaonekana na maneno mawili mwishoni: kilichokatazwa ni kunywa kupita kiasi. Amri ya sita, iliyokataza mnyama kumwua mwenziwe, yapata mawili pia: sasa hakatazwi anayeua kwa sababu. Kipimo ni kile kile, lakini uzito wazidi. Mara ya kwanza tunaweza kucheka. Katika amri ya sita damu imekwisha kumwagika, na Muriel anaposoma, waliouawa hawafufuki. Mwandishi hatuhubirii. Anatufundisha kusoma katika amri ya nne, kisha anatupima katika ya tano na ya sita.

Basi usidharau neno dogo katika kifungu ulichopewa. Sheria, mikataba na ahadi za watu wakubwa huandikwa kwa sentensi, na sentensi hugeuzwa kwa vihusishi. Anayekariri majina ya tamathali bila kuyatazama maneno yenyewe hana tofauti na kondoo wa shamba lile, waliofundishwa msemo mmoja wakaulia mchana kutwa. Anayejua kusoma lakini akanyamaza ni kama punda Benjamin, aliyesoma sawasawa na nguruwe, na kwa muda mrefu asimfae mtu kwa elimu hiyo. Wewe soma kama Muriel, neno kwa neno hadi la mwisho; kisha umshinde kwa kukumbuka yaliyokuwapo ukutani jana.