Kazi Inaisha Kabla ya Kumimina

Gogo la mpingo likipasuliwa kutoa vipande vya klarineti, mbao inayofaa mara nyingi haifiki asilimia 10. Iliyobaki ina nyufa, vifundo, kiini kilichooza au ule ukanda mweupe wa nje ambao watengeneza ala hawautaki. Na mti wenyewe umechukua miaka 70 hadi 100 kufikia unene wa kuvunwa.

Kampuni ya Buffet Crampon ya Ufaransa ilipata jibu lake miaka ya 1990: mabaki yasagwe. Klarineti zake za Green Line, kwa maelezo ya kampuni, ni asilimia 95 unga wa mpingo uliochanganywa na nyuzi za kaboni na kushikwa kwa epoksi. Hazipasuki kwa baridi wala ukame. Ila ukishausaga mti, umeupoteza: hakuna tena mistari, hakuna mpaka wa cheusi na cheupe.

Wakereza kalamu wanaushika mkia mwingine wa jambo hilohilo. Wanachukua kipande kibovu, wanakiacha na ubovu wake, kisha wanajaza mapengo kwa resini ya rangi. Sisi Watanzania si wageni wa fikra hiyo. Samaki Likankoa, mchongaji Mmakonde anayetajwa kuwa mwanzilishi wa mtindo wa shetani mwishoni mwa miaka ya 1950, alifungua njia ya vinyago vinavyofuata mapindo ya tawi badala ya kuyapiga vita.

Kwa fundi wa Kasoli, mkoani Simiyu, habari njema ni kwamba kiasi kinachohitajika ni kidogo. Kipande cha kalamu ni kama milimita 20 kwa 20 kwa 130, yaani mililita 52. Nusu ikiwa mti, resini ni mililita 26 tu. Habari mbaya ni kwamba karibu kila kinachoharibika huwa kimeshaharibika kabla ya kumimina.

Adui wa kwanza ni maji. Resini ya poliuretani, inayopendwa kwa sababu inaganda upesi, ikikutana na unyevu hutoa hewa ya ukaa. Gramu 1 ya maji ikimenyuka yote inaweza kutoa zaidi ya lita 1 ya hewa hiyo. Kipande cha mpingo cha gramu 36 kilichokauka kwa kuguswa tu kinaweza kuwa bado na gramu 3 au 4 za maji ndani. Si lazima yote yamenyuke; hata sehemu ndogo inatosha kuigeuza kazi kuwa sponji. Kwa hiyo kipande kinaingia kwenye tanuri la nyuzi 103 hivi na kinapimwa kwenye mizani kila baada ya saa kadhaa, hadi uzito uache kushuka. Kikipasuka zaidi humo, kipasuke. Ufa unaojitokeza sasa utajazwa rangi, lakini utakaojitokeza baadaye utaonekana kwenye mfuko wa shati la mteja.

Mpingo una kasoro nyingine ya jamii yake: mafuta na utomvu vinavyozuia resini kushika, na resini ya poliesta hasa huchelewa au hugoma kabisa kuganda kando yake. Piga msasa mkali, futa kwa asetoni, tumia epoksi. Mti huu pia ni mzito kuliko maji, hivyo utazama chini ya kalibu, wakati kipande cha msonobari kitaelea na lazima kibanwe. Watu wengi hugundua hili resini ikiwa imeshaanza kuganda.

Kuhusu mapovu, kuna imani kwamba chungu cha mgandamizo huyaondoa. Hesabu inasema vingine. Ukijaza hewa hadi bar 4 juu ya ile ya kawaida, povu la milimita 1 linapungua hadi kama milimita 0.6. Linalosaidia zaidi ni kwamba hewa yake huyeyuka ndani ya resini, mradi mgandamizo udumu mpaka resini igande. Kompresa ya fundi pancha inafikia kiasi hicho. Chungu lazima kiwe tangi lililotengenezwa kwa kazi hiyo, kama matangi ya kupulizia rangi. Sufuria ya presha ya jikoni imeundwa kwa bar 1 hivi, na kuilazimisha kufika bar 4 ni kutega bomu.

Kisha kuna jua la Simiyu. Kwa kanuni ya makadirio, kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka hukaribia kuzidisha mara mbili kasi ya kuganda. Epoksi yenye dakika 40 kwenye nyuzi 25 inakupa kama dakika 20 tu kwenye 35. Kiangazi cha Juni hadi Oktoba kinakausha mti vizuri, lakini kuchanganya hadina, yaani kigandishi cha epoksi, kufanyike alfajiri, na rangi iingie kwanza. Mimina kwa tabaka jembamba, maana donge kubwa hujipasha lenyewe hadi linatoa moshi.

Kutoboa shimo la mrija wa shaba ndiko kunakoonyesha nani alifanya haraka. Kekee ikipata joto, resini na mti hutanuka kwa viwango tofauti na vinaachana palepale kwenye mshono. Toboa kidogo, toa, safisha, pumzisha. Kwenye kerezo patasi iwe kali. Barakoa pia ivaliwe wakati wote, kwa sababu vumbi la mpingo linawasha ngozi na mapafu ya watu wengi, na la epoksi ambayo haijaiva ni baya zaidi.

Mpingo wenyewe ni mti wa hifadhi, hivyo hata vipande vya mwisho vina karatasi zake: kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu, na tangu 2017 kanuni za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, kwa jamii nzima ya Dalbergia, ambayo mpingo ni mmojawapo. Mabadiliko ya 2019 yalisamehe bidhaa zilizokamilika zisizozidi kilo 10 za mti huo kwa shehena. Kalamu haina hata gramu 20 za mpingo, hivyo shehena ya kalamu 500 inapita bila kibali cha CITES.