Betri Yenye Moto: Uhakiki wa Istilahi za Baiskeli ya Umeme

Mwaka 2018, njia kuu ya umeme wa kilovolti 220 kutoka Makambako hadi Songea ilipokamilika, Madaba nayo ilipata kituo chake cha kupoza umeme. Kabla ya hapo mji wa Songea wenyewe ulikuwa ukitegemea mitambo ya dizeli. Tangu hapo chombo kinachohitaji kuchomekwa ukutani kila usiku kinaweza kupata makazi huku kwetu, na miongoni mwa vyombo vilivyoufuata waya huo ni baiskeli ya umeme. Si nyingi bado. Hata hivyo, kila moja imekuja na kijitabu cha maelekezo, na kijitabu hicho ndicho kinachotuhusu katika makala haya.

Mwandishi ni mwalimu, na baiskeli ya namna hiyo ndiyo inayompeleka kazini na kumrudisha. Kijitabu alichokabidhiwa pamoja nayo kimeandikwa kwa Kiswahili, jambo ambalo kwanza lilimfurahisha sana. Jina la mfasiri halimo, na jina la muuzaji hatutalitaja, kwa kuwa kasoro tutakazozijadili tumezikuta pia katika vijitabu vya vyombo vingine vya umeme. Ni kasoro za jumla, na zinastahili kuchunguzwa kwa jumla.

Tuanze na onyo moja. Kijitabu kinamwambia mwenye baiskeli asichaji "betri yenye moto". Mfasiri alikusudia betri iliyopata joto, ama kwa kupanda mlima mrefu ama kwa kuachwa juani, kwamba iachwe ipoe kwanza ndipo ichomekwe. Ushauri huo ni sahihi kabisa. Lakini kwa msemaji wa Kiswahili wa Madaba, na wa mahali pengi pengine, betri yenye moto ni betri ambayo bado ina nguvu. Redio inaponyong'onyea tunasema betri zimeisha moto. Wazee wetu walizianika juani betri za tochi ili zirudishe moto. Kwa hiyo msomaji mwaminifu wa kijitabu hiki ataelewa kwamba ni marufuku kuchaji betri kabla haijaisha kabisa.

Hivyo ndivyo alivyoelewa jirani yetu mmoja, mtu msomi, aliyekuwa mtumishi wa serikali kabla ya kustaafu. Kwa miezi kadhaa aliiendesha baiskeli yake kila siku mpaka ikazimika njiani, akaikokota hadi nyumbani, na siku nyingine akaiacha hivyo hivyo hadi kesho yake ndipo aichomeke. Betri za lithiamu haziumii kwa kuchajiwa kabla hazijaisha. Huumia zaidi zikiishiwa kabisa na kuachwa katika hali hiyo. Betri za zamani za nikeli na kadmiamu ndizo zilizohitaji kumalizwa kwanza, na huenda kumbukumbu ya hizo ndiyo iliyompa jirani yetu uhakika kwamba amesoma sawasawa. Betri ni sehemu yenye thamani kubwa kuliko zote katika baiskeli hiyo. Yake ilikufa kabla ya mwaka kwisha, na aliponionyesha ukurasa wenye onyo lile sikuweza kumwambia kwamba alikosea. Aliyekosea ni mwandishi wa sentensi.

Wapo watakaosema kwamba dawa ya tatizo hili ni kuwafundisha watu waache kuuita umeme moto. Hatukubaliani nao. Matumizi hayo yana mzizi mrefu, na si ya wasiosoma peke yao. Mitambo inayoshusha msongo wa umeme tunaiita kituo cha kupoza umeme, na jina hilo limo katika hotuba za viongozi na vibao vya serikali. Nani hupoza kitu kisicho cha moto? Lugha imekwisha kuamua kwamba umeme ni moto unaosafiri katika waya, na mfasiri mwenye busara huenda na uamuzi huo. Kilichompasa hapa ni kutumia neno "joto": usichaji betri ikiwa na joto; iache ipoe. Maneno hayo yapo, ni mepesi, wala hayahitaji kikao cha kamati.

Neno hilo hilo limeleta msiba mwingine kurasa mbili mbele, safari hii wa kuchekesha. Msomaji anakatazwa kumwagia maji "moto wa gurudumu la nyuma". Bila shaka kinachotajwa ni mota, ile iliyo ndani ya kitovu cha gurudumu, na herufi moja imetosha kuigeuza kuwa moto. Mahali pengine mota hiyo hiyo inaitwa injini, na penginepo mashine. Kitu kimoja kimepewa majina matatu katika kijitabu kimoja! Sisi tungeshikilia "mota" popote penye kugeuza umeme kuwa mwendo, na "injini" tuiachie ile inayochoma mafuta. Wanafunzi wetu wa fizikia wanaitenganisha hivyo bila taabu.

Kasoro ya namna hiyo imo pia katika neno "mzunguko". Kijitabu kinaahidi kwamba betri itadumu "mizunguko 500". Mizunguko ya nini? Mnunuzi mmoja alihesabu mizunguko ya gurudumu, akaona kwamba betri ingekufa hata kabla hajafika Mtyangimbole. Maana iliyokusudiwa ni kujazwa na kutumika kwa betri nzima mara 500. Mtu akitumia nusu leo na nusu kesho, hiyo ni mara moja. Ingetosha kuandika "kujazwa mara 500". Neno mzunguko lina kazi nyingi mno: gurudumu, saketi, damu, fedha. Tusiliongezee mzigo.

Kuhusu chaja hatutakaa sana. Kijitabu kinatumia "chaja", na hatuoni haja ya kukilaumu. Neno "kimemeshi", lililomo katika orodha za maneno zinazopitishwa kwa simu kutoka mtu hadi mtu, tumelijaribu darasani na madukani kwa nia njema, nalo limetuletea vicheko tu. Istilahi isiyoweza kumpatia mteja bidhaa dukani ina kasoro, hata kama imeundwa kwa kufuata kanuni zote.

Sura ya matengenezo ina kosa la aina nyingine: maneno yake ni mazuri, lakini hayakuandikwa na mtu aliyewahi kushika spana. Inamwagiza mwenye pancha ya nyuma "aondoe gurudumu", basi. Haikutaja kwamba waya wa mota unaingia katika ekseli, na kwamba lazima uchomolewe kwanza. Mafundi wa hapa wamepata njia yao. Hulaza baiskeli ubavu, wakabandua upande mmoja wa tairi, wakauvuta mpira wa ndani na kuuziba bila kulifungua gurudumu. Kadhalika, kijitabu hakina neno juu ya breki, ambazo huliwa upesi kwa sababu chombo ni kizito, wala juu ya spoki za nyuma zinazobeba mota pamoja na mpandaji. Katika vilima vyetu mambo hayo mawili hayasubiri mwaka. Mfasiri akikaa kwa fundi asubuhi moja tu, atarudi na istilahi ambazo hatazipata katika kamusi yoyote.

Sasa tuje kwenye jambo zito zaidi, nalo ni jina la chombo chenyewe. Madukani vitu viwili tofauti vinaitwa "baiskeli ya umeme". Cha kwanza ni baiskeli kamili, ambayo mota yake huongeza nguvu pale tu mpandaji anaponyonga. Cha pili huenda chenyewe kwa kuzungusha mkono wa usukani, na pedeli zake, kama zipo, ni pambo. Huko Ulaya tofauti hiyo imepimwa kwa tarakimu: chombo ambacho mota yake haizidi wati 250, na msaada wake hukoma mwendo unapofika kilomita 25 kwa saa au mpandaji anapoacha kunyonga, huhesabiwa kuwa baiskeli. Nchini China, kiwango cha mwaka 2018 kilidai kwamba baiskeli ya umeme iwe na pedeli. Kiwango kipya cha mwaka 2024 kimeliondoa sharti hilo kwa baadhi ya aina. Kwa kuwa vyombo vingi vinavyotufikia vinatoka huko, tutarajie mkanganyiko kuzidi.

Sheria yetu ya Usalama Barabarani ni ya mwaka 1973, na waliyoiandika hawakuwa na chombo hiki akilini. Tangu marekebisho ya mwaka 2021, lugha ya sheria za Tanzania ni Kiswahili. Maana yake ni kwamba siku chombo hiki kitakapoandikiwa kanuni, neno la Kiswahili ndilo litakaloamua nani adaiwe leseni, namba ya usajili na bima, na nani aachwe apite kama apitavyo mwenye baiskeli ya kawaida. Mwalimu, muuguzi na mkulima wa Wino wote watasimamishwa barabarani kwa neno hilo. Basi si neno la kuachiwa wauza duka.

Lugha yetu ina kipimo tayari. Baiskeli hunyongwa, pikipiki hainyongwi. Hakuna mtoto anayeyachanganya hayo. Kwa hiyo tunapendekeza kwamba "baiskeli ya umeme" liwe jina la kile tu kisichokwenda mota yake ila mpandaji akinyonga, na "pikipiki ya umeme" liwe la kile kinachokwenda bila kunyongwa, hata kama kimefungiwa pedeli. Kijitabu chetu kinauita ule uwezo wa kwanza "msaada wa kanyagio ngazi ya tatu", maneno yanayomfanya msomaji afikirie wafadhili. "Nguvu ya ziada ya kunyonga" ni refu kidogo, lakini linaeleweka mara moja.

Itapingwa kwamba pikipiki ya umeme haitoi ule mlio uliolipa pikipiki jina lake. Ni kweli, inapita kimya. Lakini tumekwisha kupambana na suala hilo kwenye reli. Neno garimoshi lilizaliwa na moshi, na tangu mwaka 2024 abiria wanatoka Dar es Salaam hadi Dodoma kwa gari la reli lisilo na moshi hata kidogo. Wengi wanaliita treni ya umeme, wengine mwendokasi, na wazee wachache bado wanasema garimoshi, na hakuna aliyepanda gari asilolikusudia. Bodaboda nayo ilianza kwa baiskeli za kuvusha watu mpakani mwa Kenya na Uganda. Leo iko mbali na mpaka wowote, na jina halijamdhuru mtu.

Kimebaki kifaa kimoja ambacho hatujakubaliana. Ni kile kisanduku kidogo kilicho kati ya betri na mota, kinachopima ni umeme kiasi gani upite. Kijitabu kinakiita "mdhibiti", jina ambalo msomaji wa Tanzania atalihusisha kwanza na ofisi ya serikali, na katika ukurasa wa mwisho kinakiita "kontrola". Wenzetu wawili walimu wa ufundi wanapendelea "kidhibiti umeme". Fundi wetu wa hapa Madaba anakiita ubongo wa baiskeli, na wateja wake wote wanamwelewa.