Kazimoto na Safari ya Kurudi Ukerewe

Kuna jibu moja ambalo kila mwalimu wa Fasihi amelikuta akisahihisha insha. Mhusika ametoka mjini, amefika mashambani, ameonja maisha yasiyo na makuu, na macho yamemfumbuka. Mtahiniwa akiona neno "safari" katika swali, kalamu hukimbilia huko kabla hajalisoma swali lote. Nadhani Utengano ya Said Ahmed Mohamed (1980) imechangia, kwa kuwa Maimuna anapolihama jiji na kwenda shambani anapata nafuu kwelikweli. Lakini jibu hilo haliwezi kubanduliwa pale likabandikwa kwenye Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi (1974).

Kazimoto ni mwanafunzi wa chuo kikuu anayerudi kwao Ukerewe wakati wa likizo. Kabla ya kufika nyumbani tunamkuta ofisini mwa Mkuu wa Wilaya, Manase, rafiki yake wa utotoni, ambaye sasa anampokea kwa madharau. Anapofika kijijini anagundua kuwa dadake, Rukia, ana mimba ya Manase huyohuyo. Basi usahili wa kijiji uko wapi? Mkono wa ofisi ulikwisha kufika nyumbani kabla ya msafiri mwenyewe. Rukia anafariki, na mamake hakawii kumfuata. Msiba unapoingia, shutuma za uchawi nazo huingia. Kijiji hiki hakikusimama kikimsubiri msomi aje kupumzisha akili yake.

Hapa mwalimu hana budi kukaa na wanafunzi wake kwa muda, maana ndipo alama nyingi hupotea. Riwaya inasimuliwa kwa nafsi ya kwanza. Yote tunayoyajua kuhusu wanakijiji yametoka kinywani mwa Kazimoto, na kipimo anachowapimia ni kile alichotoka nacho chuoni. Mtahiniwa anayeandika kwamba "mwandishi anaonyesha watu wa kijijini ni washirikina" amemchanganya msimulizi na mwandishi. Kezilahabi mwenyewe alizaliwa Namagondo, Ukerewe, mwaka 1944. Hakukitazama kisiwa hicho kwa macho ya mgeni. Anachotuonyesha ni kijana ambaye elimu imemnyang'anya imani ya wazazi wake bila kumpa kitu cha kushika badala yake. Kazimoto hawezi kuamini kama babake, na kuishi kama Manase pia kunamkera. Amerudi nyumbani lakini nyumbani hapamkai.

Je, safari haikumbadilisha? Ilimbadilisha, ila si pale watahiniwa wanapopatafuta. Kazimoto anamwendea Sabina, dadake Manase, kwa nia ya kulipiza kisasi cha Rukia. Yaani anataka kumtenda msichana wa watu yaleyale aliyotendwa dadake. Nia hiyo inageuka kuwa mapenzi, na mapenzi yanaishia katika ndoa. Hayo ndiyo mageuzi ya mtazamo yenye ushahidi katika matini, na yameletwa na mtu, si na mandhari. Mandhari ya kisiwa hayamponyi Kazimoto hata siku moja.

Hata hivyo, mageuzi hayo hayaokoi kitu. Manase alikwisha kupata mtoto mwenye kichwa kikubwa kupita kiasi. Wa Kazimoto na Sabina anakuja vivyo hivyo, naye Kazimoto anajiua. Wengine huona kichwa hicho kuwa ishara ya elimu iliyovimba bila hekima. Ufafanuzi huo unakubalika, mradi mtahiniwa akumbuke pia kuwa mtoto huyo ni mtoto, na Sabina ni mama aliyefiwa. Insha nyingi humsahau Sabina mara tu ndoa inapofungwa.

Mimi huwapa wanafunzi wangu swali hili: kilichombadilisha Kazimoto ni Ukerewe au ni Sabina? Darasa hugawanyika. Wanaotetea Ukerewe huwa na kazi ngumu zaidi, kwa sababu wanatakiwa kuonyesha ni lini Kazimoto aliwasikiliza wanakijiji bila kuwahukumu, na kurasa za kuwasaidia ni chache.