Ukingo wa Kamu

Mkulima wa mpunga wa Golbanti anayefungua mfereji wake kutoka mto Tana hadanganyiki kwamba nusu ya mlango ni nusu ya maji. Upenyo mdogo wa kwanza huingiza maji kwa wingi. Kuupanua baadaye huongeza kidogo tu. Vali nyingi za viwandani zina tabia hiyo hiyo, na wapo mafundi wanaozitia adabu kwa kipande cha chuma kinachoenea kiganjani. Kipande hicho ni kamu. Napenda kutazama kikichongwa kuliko ninavyopenda mitambo mingi mikubwa inayosifiwa.

Kamu hukaa ndani ya pozishona, kifaa kinachofungwa ubavuni mwa vali. Chumba cha udhibiti hutuma hewa yenye shinikizo la pauni 3 hadi 15 kwa inchi ya mraba: 3 ni kufunga, 15 ni kufungua yote. Hewa husukuma wenzo, na springi huuvuta kinyume. Shina la vali likizunguka, kamu huzunguka nalo. Ukingo wake husukuma rola, na rola huikaza springi. Nguvu hizo mbili zikilingana, vali husimama. Kwa hiyo anayeamua isimame wapi ni umbo la ukingo ule. Ukitaka pauni 9, katikati ya kipimo, zifungue vali robo badala ya nusu, acha hewa ilivyo na vali ilivyo. Chonga kamu nyingine.

Kazi huanzia kwenye karatasi. Fundi hupima mtiririko kila vali inapofunguka nyuzi 10 zaidi, mpaka 90. Kwa kila pembe hutafuta shinikizo linalopaswa kuifikisha vali hapo, kisha hutia nukta: shinikizo likizidi, nukta husogea mbali na kitovu cha kamu. Asiyejua angeunganisha nukta zile na kukata. Lakini rola nayo ina ukubwa wake, na penye mwinuko mkali hugusa ukingo kwa ubavu. Basi nukta zile ni njia ya kitovu cha rola tu. Juu ya kila nukta fundi huchora duara la ukubwa wa rola, halafu hupitisha mstari upande wa ndani, ukiyagusa maduara yote bila kulikata hata moja. Huo ndio ukingo wa kweli. Hatua hii sichoki kuitazama, maana hapo ndipo hesabu inapokubali kwamba chuma kina mwili.

Msumeno hupita nje ya mstari. Kisha bamba hubanwa kwenye jiliwa, na tupa huanza, polepole, kidole gumba kikipapasa ukingo kutafuta kasoro ambayo jicho halijaiona. Ulaini huo si urembo. Ikibaki sehemu ndogo isiyopanda, vali ikifika hapo huzunguka huku rola imetulia. Springi haikazwi, kwa hiyo hakuna cha kuizuia. Inaruka mpaka sehemu ile iishe.

Halafu majaribio: pauni 3, 6, 9, 12, 15, kisha kurudi chini. Vali ikibaki nyuma mahali fulani, hapo chuma kimezidi; hupigwa tupa kidogo na kupimwa tena. Ikipitiliza, chuma kimeshaondoka na bamba halifai tena. Ndiyo maana mkono wa fundi huwa mzito kadiri unavyoukaribia mstari.

Pozishona za kielektroniki za siku hizi hupewa umbo la ukingo huo kwa tarakimu zinazoingizwa kwa vibonye, na zinafanya kazi vizuri. Hata hivyo aliyewahi kuchonga kamu huzijua tarakimu anazoingiza. Anajua kila moja inaitaka vali ifanye nini. Kijana wa Golbanti au Garsen anayekwenda kusomea ufundi wa mitambo, Mombasa au kwingineko, na amwombe mwalimu wake bamba moja, tupa na pozishona ya zamani kabla hajagusa kibonye.