Mtani Asiye na Baraza: Kufifia kwa Mazungumzo ya Usiku katika Televisheni ya Marekani

Mtani si mchekeshaji tu. Mnyamwezi aliyefika msibani kwa Wazaramo aliweza kumcheka marehemu kwa uchoyo wake, akawasema wakubwa wa ukoo mbele ya watoto wao, na wafiwa wasikasirike. Bali wakacheka, machozi yangali machoni. Hakuwa na cheo wala silaha. Alichokuwa nacho ni ruhusa, na ruhusa hiyo ilitoka pande zote mbili: kwa mwenye kutania na kwa mwenye kutaniwa. Ulipokosekana upande mmoja, utani uligeuka kuwa matusi.

Nimeanza na utani wetu kwa sababu nataka kulijadili jambo la mbali, nalo ni kufifia kwa vipindi vya mazungumzo ya usiku katika televisheni ya Marekani. Na sioni kipimo kingine kilicho bora cha kulipimia. Huenda mwanafunzi akauliza, yatuhusu nini mambo hayo? Yatuhusu kwa kuwa vipande vya vipindi hivyo huonekana katika simu za vijana wetu, na kwa kuwa miongoni mwa waendeshaji wake mashuhuri alikuwamo mwana wa Afrika, Trevor Noah wa Afrika Kusini, aliyekiongoza kipindi cha The Daily Show tangu mwaka 2015 hadi 2022. Lakini yatuhusu zaidi kwa sababu kila taifa hulazimika kujiuliza ni nani mwenye ruhusa ya kuwacheka wakubwa, na ni wapi anapokaa akiwacheka.

Sanaa hii ilipata umbo lake mwezi Septemba 1954, Steve Allen alipoanza kukiongoza kipindi cha Tonight katika shirika la NBC. Umbo lenyewe ni sahili. Baada ya taarifa ya habari ya usiku, mwendeshaji husimama mbele ya hadhira na kuyatania mambo ya siku ile. Kisha huketi nyuma ya meza, wageni wakaja mmoja mmoja kuzungumza naye, na bendi ikawa inapiga muziki katikati. Allen alifuatwa na Jack Paar mwaka 1957, na tarehe 1 Oktoba 1962 akaingia Johnny Carson, ambaye alikikalia kiti hicho kwa karibu miaka 30.

Mshairi akiusikiliza utangulizi wa Carson hawezi kukosa kutambua ufundi wake. Kila dhihaka ilikuwa na vipande viwili, kama ulivyo mshororo wa shairi: cha kwanza kikitega, cha pili kikitegua. Na dhihaka ilipoanguka, watu wasicheke, Carson alijicheka mwenyewe, akapata kicheko kikubwa zaidi ya kile alichokikosa. Fauka ya hayo, alijihadhari asijulikane ni mfuasi wa chama gani. Aliwatania marais wa vyama vyote viwili, na wafuasi wa kila upande wakaweza kumkaribisha chumbani mwao kabla ya kulala. Usiku alipoaga, tarehe 22 Mei 1992, watazamaji walikadiriwa kufikia milioni 50. Maana yake ni kwamba, katika kila Wamarekani watano, karibu mmoja alikuwa akiketi katika baraza moja.

Lakini tusilisifu baraza hilo kupita kiasi. Viti vyake vilikuwa vichache, na walioketi juu yake walikuwa takriban wote wanaume weupe. Joan Rivers alipopewa kipindi chake mwaka 1986 hakudumu nacho hata mwaka mzima. Arsenio Hall, Mmarekani mweusi, alileta muziki na wageni ambao wakubwa wa mashirika walikuwa hawajawajali, akapendwa mno na vijana. Naye alidumu tangu 1989 hadi 1994. Kwa hiyo anayesema kwamba zamani taifa zima lilicheka pamoja, hana budi kuongeza kwamba si taifa zima lililokuwa likisema.

Basi ni nini kilichoivunja hali hiyo? Kwanza ni mfuko. Kipindi cha namna hii huhitaji waandishi, wanamuziki, mafundi na ukumbi, na gharama zote hizo hulipwa na matangazo ya biashara. Mtangaza biashara naye hulipia macho ya watazamaji. Na macho yamehamia kwingine. Mtu haoni tena sababu ya kukesha akingoja, hali asubuhi ataikuta dhihaka tamu kuliko zote, imekatwa kuwa kipande cha dakika tano, katika simu yake. Mwaka 2018 matangazo katika vipindi vya usiku vya mashirika makubwa yalileta takriban dola milioni 439. Mwaka 2024 yakaleta kama milioni 220. Ndipo ukaanza upunguzaji. James Corden alipoondoka CBS mwaka 2023, shirika halikumtafutia mrithi wa kuendeleza kipindi kile. Mwaka 2024 kipindi cha Seth Meyers kilibaki bila bendi yake. Kisha, mwezi Julai 2025, CBS ikatangaza kwamba The Late Show, kipindi kilichoanzishwa na David Letterman mwaka 1993 na kurithiwa na Stephen Colbert mwaka 2015, kingefikia kikomo mwezi Mei 2026. Hakikuwa kipindi kilichoshindwa mbele ya wenziwe; kilikuwa na watazamaji kama milioni mbili na nusu kila usiku.

Hapa ndipo sababu ya pili inapojitokeza. CBS ilisema kuwa uamuzi huo ulikuwa wa fedha tu. Lakini siku chache kabla yake, Colbert alikuwa amewalaumu hadharani waajiri wake kwa kukubali kulipa dola milioni 16 ili kumaliza kesi iliyofunguliwa na Rais Donald Trump. Na kampuni mama ya CBS ilikuwa ikingojea idhini ya serikali ili iungane na kampuni nyingine. Mwezi Septemba mwaka huohuo, shirika la ABC lilikisimamisha kipindi cha Jimmy Kimmel, baada ya mkuu wa mamlaka ya utangazaji kumkemea na wamiliki wa vituo vingi kukataa kukirusha. Kilirudi baada ya siku chache, umma ulipopiga kelele. Sitaki kuhukumu yaliyomo nyoyoni mwa watu. Lakini mhenga alikwisha sema: mtegemea cha nduguye hufa maskini. Mtani aliyelishwa na tajiri mmoja, na tajiri huyo naye akihitaji hisani ya serikali, ruhusa yake imefungwa kwa uzi mwembamba; na mfuko ukipungua, uzi huo hukatika upesi zaidi.

Ipo na sababu ya tatu, nayo wenye sanaa wenyewe hawawezi kuikwepa. Tangu uchaguzi wa mwaka 2016, wengi wao waliugeuza utangulizi kuwa hoja dhidi ya mtu mmoja na wafuasi wake. Huenda hoja zilikuwa za haki; pengine wakati wenyewe haukuruhusu ukimya. Hata hivyo, nusu ya nchi iliyajua majibu kabla ya kusikia swali, ikazima televisheni. Mtani aliyekuwa wa wote akawa mwimbaji wa kambi. Kambi ilimshangilia, naye akapata watazamaji, ila siku alipoandamwa, ng'ambo ya pili hakuwako wa kusema, "Mwacheni, huyu ni mtani wetu."

Kwa maoni yangu, kinachokufa si kicheko. Wamarekani wangali wanacheka, na wachekeshaji wao ni wengi kuliko zamani. Kinachokufa ni saa moja ya usiku ambayo watu wasiopendana waliisikia dhihaka ileile, wakacheka kila mmoja nyumbani kwake, na kesho yake wakaizungumza kazini. Kiongozi hatishwi sana na dhihaka elfu zinazosikiwa na makundi elfu yaliyojitenga. Humshughulisha ile moja inayomchekesha mpinzani wake na mfuasi wake kwa pamoja.

Mwalimu anayetaka kulipima jambo hili hana haja ya kwenda Marekani. Na awaulize wanafunzi wake arobaini ni kitu gani kilichowachekesha jana usiku. Akipata majibu arobaini, tena kila jibu likihitaji kuelezwa kwa waliobaki, na aliandike swali la pili ubaoni: Je, katika darasa hili, ni nani aliye mtani wa wote?