Picha Bila Jina: Sanaa Mpya Mbele ya Bazee

Mara nyingi kwetu Lubumbashi tunasikia bantu wanasema: hii sanaa ya sasa, kucheza bila ngoma, kubandika picha moja juu ya ingine, ni mambo ya Wazungu. Siye wenyewe tulikuwa tunasema vile. Leo tunapenda kurudi juu ya neno hilo, sababu tunaona halisimami.

Tuanze na teatri. Mu mwaka 1986, kundi la Mufwankolo lilitengeneza mchezo mzima kutoka methali moja juu ya mamlaka. Hakukuwa karatasi yenye kuandikwa. Bachezaji walizungumza, walibishana, walijaribu, kisha wakaenda kuucheza mu kijiji cha Kawama, na televisheni ikapiga filme. Kama kujaribu ni uzungu, basi hata Mufwankolo alikuwa Mzungu!

Sasa tuangalie kazi ya ndugu yetu Sammy Baloji, yenye jina «Mémoire», ya mwaka 2006. Alipiga picha za mashine na viwanda vya Gécamines vyenye kuharibika, kisha juu yake akaweka bafanyakazi wa Union Minière kutoka picha za wakati wa ukoloni. Mtu iko amesimama, kazi yake haiko tena. Hapo hatuhitaji mtu wa kutufasiria. Ni maisha ya baba zetu.

Lakini kuna kitu kinatuuma. Wale bantu, mbele ya macho yetu, hawana majina. Mu kasala ya Baluba, mtu anaitwa kwa jina lake na la bankambo wake. Kumukumbuka mtu bila jina, kwetu ni kumukumbuka nusu. Kwanza tulimulaumu mupiga picha. Kisha tukafikiri: yeye alifungua mlango, ni siye hatukuingia. Nani aliwapeleka bazee wa kazi kuangalia, waseme: huyu ninamujua?

Faustin Linyekula alituonyesha njia ingine. Aliona sanamu ya Balengola, kabila la mama yake, imewekwa mu depo ya musée mmoja wa New York. Hakubaki kule kuishangaa. Alifunga safari pamoja na jamaa mpaka Banataba, kijiji cha upande wa mama, na kutoka safari ile akatengeneza mchezo «Banataba» mu 2017. Aliuliza wenyewe kwanza.

Kwa hiyo hatuombi basanii warudi nyuma. Tunaomba picha zitoke mu masalle, ziende Kenya, Katuba, Ruashi, zitundikwe chini ya mwembe, na bazee waketi mbele yake. Kila mwaka tunazika wengine kati yao. Siku wa mwisho atakapokwenda, picha zitabaki nzuri sana, lakini hakuna mtu atajua ni za nani.