Turner alivyoipandisha chaneli 17 angani

Ted Turner alipokinunua kituo kimoja cha televisheni mjini Atlanta mwaka 1970, kilikuwa kinapata hasara tupu. Kilirusha matangazo kwenye chaneli 17, katika masafa ya UHF ambayo televisheni nyingi za zamani hazikuyanasa kabisa. Turner alikuwa na kampuni ya mabango ya barabarani, urithi wa baba yake aliyefariki mwaka 1963, na mabango yaliyokosa wateja akayatumia kukitangaza kituo.

Vipindi vilikuwa vya bei nafuu: filamu za kale, marudio ya vichekesho, mieleka, besiboli. Mwaka 1976 akainunua timu yenyewe ya besiboli ya mji huo, Atlanta Braves, kwa takriban dola milioni 10 za kulipwa kwa mafungu. Wapo walioona ni anasa ya tajiri mpenda michezo. Lakini timu ya ligi kuu hucheza mechi 162 kwa msimu, kila moja ikichukua saa mbili au zaidi. Turner alijinunulia mamia ya saa za vipindi ambavyo mshindani hangeweza kumpokonya.

Kisha Turner akataka kituo kionekane nje ya Atlanta, kupitia setilaiti na kampuni za kebo. Setilaiti ndiyo husifiwa sana katika kisa hiki, ilhali kazi kubwa ilifanyika kwenye makaratasi. Chaneli ya HBO ilikuwa imekwisha kuonyesha mwaka 1975 kwamba kampuni za kebo zinaweza kupokea picha kutoka angani. Kikwazo cha Turner kilikuwa kanuni za FCC, tume ya mawasiliano ya Marekani: mwenye kituo hakuruhusiwa kuwa pia msafirishaji wa mawimbi yake. Basi shughuli ya kusafirisha ikawekwa chini ya kampuni nyingine, Southern Satellite Systems, ambayo Ed Taylor aliichukua kwa dola 1. Tarehe 17 Desemba 1976 mawimbi ya chaneli 17 yakapanda hadi setilaiti ya Satcom 1 na kushuka kwenye madishi ya kampuni za kebo katika majimbo mengine.

Taylor alizitoza kampuni hizo senti 10 kwa mwezi kwa kila nyumba. Turner hakuchukua hata senti moja ya fedha hizo. Yeye alitaka hesabu ya watazamaji ikue, kwa kuwa mtangazaji wa bidhaa hulipa kwa kadiri ya macho yanayotazama. Bahati nayo ilimwendea vizuri, maana mwezi huohuo wa Desemba FCC iliruhusu madishi ya mita 4.5 badala ya mita 9, na hata kampuni ndogo za kebo zikamudu kuyanunua.

Baadaye Turner aliandaa chaneli ya habari, CNN. Desemba 1979, Satcom 3, setilaiti ambayo CNN ilitarajiwa kuitumia, ilipotea muda mfupi baada ya kurushwa. Turner aliishtaki RCA, mmiliki wake, akapata nafasi kwenye Satcom 1, na CNN ikaanza kurusha habari tarehe 1 Juni 1980 kama ilivyopangwa.